Mikono Inapotetemeka: Huenda Chanzo Kiko Shingoni

Fundi wa cherehani anashindwa kutunga uzi kwenye sindano. Mama wa kibanda cha chai anamwaga chai kila anapomimina. Wakiona hivyo, majirani husema ni pombe, wasiwasi, uzee au kurogwa. Kuna wanaopoteza kibarua kwa maneno hayo. Lakini wakati mwingine chanzo ni tezi ndogo ya shingoni, na ugonjwa huo una tiba.

Tezi hii ni ipi?

Inaitwa thairoidi. Iko mbele ya shingo na ina umbo la kipepeo. Hutoa homoni zinazoongoza kasi ya mwili kutumia nguvu. Homoni zikizidi, mwili huenda mbio mchana na usiku, kama jiko la gesi lililofunguliwa hadi mwisho. Moyo hupiga haraka na vidole huanza kutetemeka. Ugonjwa huu huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, hata walio vijana.

Dalili za kuangalia

Mtetemeko wa tezi ni mdogo na wa haraka. Nyoosha mikono mbele, viganja vikitazama chini, kisha mtu akuwekee karatasi nyepesi juu ya vidole. Ikitikisika, angalia kama una dalili hizi pia:

• kupungua uzito ingawa unakula vizuri;
• moyo kwenda mbio hata umekaa;
• kuhisi joto na kutokwa jasho wakati wengine wako sawa;
• kukosa usingizi na kukasirika upesi;
• kuharisha au kwenda choo mara nyingi;
• hedhi kupungua au kubadilika;
• uvimbe shingoni (goita) au macho kutokeza.

Kwa wazee, dalili zinaweza kuwa chache: uchovu, kukonda na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio.

Si kila mtetemeko ni tezi

Kahawa nyingi, miraa, baadhi ya dawa za pumu na kuacha pombe ghafla huweza kutetemesha mikono. Kuna mtetemeko unaorithiwa katika familia, ambao huonekana zaidi mtu anapotumia mikono. Ule wa ugonjwa wa Parkinson mara nyingi huanza upande mmoja, mkono ukiwa umetulia. Mgonjwa wa kisukari anayetumia dawa akitetemeka na kutokwa jasho, huenda sukari imeshuka: kama anaweza kumeza, mpe kitu chenye sukari mara moja, kisha atafute huduma.

Ufanye nini?

Karatasi haithibitishi ugonjwa. Kipimo cha damu ndicho kinachoonyesha kiwango cha homoni. Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, au mweleze mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chako. Kama kipimo hakipo hapo, omba rufaa. Beba dawa zote unazotumia, zikiwemo za mitishamba, na umwambie mhudumu kama una mimba au pumu.

Matibabu ni ya vidonge vya kupunguza homoni, iodini ya mionzi au upasuaji. Ziko pia dawa za kutuliza mtetemeko na moyo wakati tiba inaendelea. Vidonge huchukua wiki kadhaa kuleta nafuu, kwa hivyo usiviache bila kumwuliza daktari. Ukiwa unatumia vidonge vya kupunguza homoni kisha upate homa au koo kuuma, rudi hospitalini siku hiyo hiyo, kwani dawa huweza kupunguza kinga ya mwili.

Ugonjwa huu usipotibiwa huweza kudhoofisha moyo na mifupa, na hata kuleta kiharusi. Moyo kwenda mbio pamoja na homa kali, kuchanganyikiwa, maumivu ya kifua au kuzimia ni dharura. Usisubiri kesho.

Ukimwona jirani mikono ikimtetemeka, usimhukumu. Msindikize akapimwe.