Kilima cha S kwenye karatasi ya damu kina maana gani?

MZAZI hutoka maabara na karatasi mbili. Ya kwanza inasema mtoto amepatikana na "sickle". Ya pili ina mchoro wa vilima vyenye herufi F, A na S. Swali ninaloulizwa mara nyingi ni hili: kwa nini damu ya mtoto mmoja ipimwe mara mbili?

Kipimo cha haraka huonyesha tu kwamba hemoglobini S imo. Hakitofautishi mbebaji (AS), ambaye kwa kawaida ni mzima, na mgonjwa wa selimundu (SS). Ili kujua, ni lazima protini hizo zitenganishwe na kila moja ipimwe kiasi chake. Njia hiyo huitwa kromatografia.

Inavyofanya kazi

Tuseme watu kumi wametoka Kianda, Kibera, kwa pamoja, wakielekea Adams kupitia soko la Toi. Asiye na haja ya mitumba hupita moja kwa moja na kufika mapema. Mpenda nguo husimama kila kibanda na kufika mwisho. Soko lenyewe limewatenganisha.

Katika maabara, soko ni mrija uliojazwa punje ndogo sana zenye chaji hasi. Seli nyekundu hupasuliwa ili hemoglobini itoke, kisha husukumwa mrijani kwa maji ambayo chumvi yake huongezwa polepole. Hemoglobini S hutofautiana na A kwa badiliko la asidi amino moja: palipokuwa na glutamati, yenye chaji hasi, pana valini isiyo na chaji. Vernon Ingram alilitambua hilo huko Cambridge, Uingereza, mwaka wa 1957. Kwa hivyo S hung'ang'ania punje zaidi na hutoka baada ya A. F, hemoglobini ya utotoni, hutangulia. Kila moja inapotoka, mashine huchora kilima.

Protini pia hutenganishwa kwa ukubwa: ndogo huingia katika vishimo vya punje na kuchelewa, kubwa hupita kando na kutangulia. Nyingine hunaswa na kitu kimoja maalumu, kama kufuli na ufunguo wake. Viwanda vya dawa hutumia kromatografia kusafisha insulini.

Kwa nini jambo hili linatuhusu

Mwaka wa 1949 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alianza kupima damu za wananchi. Karibu na Ziwa Victoria na Pwani, zaidi ya asilimia 20 walikuwa wabebaji. Katika nyanda za juu, chini ya asilimia 1. Mwaka wa 1954 alieleza sababu: wabebaji hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Wakazi wengi wa Nairobi wana asili ya sehemu hizo za ziwa na Pwani.

Soma karatasi yako hivi:

• A na S zote zipo, A ikiwa nyingi zaidi: kwa kawaida ni mbebaji.

• S imetawala, F ipo kiasi, A haipo: kwa kawaida ni mgonjwa.

• Mtoto mchanga huwa na F nyingi, na kipimo cha haraka kinaweza kukosa kuiona S.

• Aliyeongezewa damu ana A ya mtoaji. Apimwe kabla ya kuongezewa, au baada ya miezi mitatu hivi.

Baba na mama wakiwa AS, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto SS. Ni kila mimba: mtoto wa kwanza kuugua si hakikisho kwamba watatu wanaofuata watakuwa salama. Tena, ni kosa kumlaumu mama peke yake. Mtoto SS amerithi S moja kwa mama na nyingine kwa baba.

Wanaotaka kuoana na wapimwe mapema, wote wawili. Na mtoto mwenye SS akipata homa, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, msingoje asubuhi.