Utawala ni Amana: Maneno ya Wanavyuoni wa Ulaya na Yaliyopita Mwanza

Amma baad. Katika darsa za fiqhi husomwa mlango wa wasii na yatima, na wengi hudhani mlango ule hauhusu ila minazi na nyumba za marehemu. Lakini nchi nzima ya Tanganyika ilikaa katika hukumu ya namna hiyo tangu 1922 hata 1961, na wasii wake alikuwa Mwingereza. Ili jambo hili lifahamike, hapana budi kujua Wazungu wenyewe walisema nini juu ya utawala.

Katika mwaka 1689 mtu mmoja wa Uingereza, jina lake John Locke, alitoa kitabu cha kukanusha dai la wafalme kwamba enzi yao imetoka kwa Mungu na hapana wa kuwahesabu. Alisema watu wote huzaliwa huru; mtawala hupewa nguvu na raia kama mtu apewavyo amana, na akiikhini hurudi kwa wenyewe. Maneno haya si mageni kwa Mwislamu aliyesoma khabari za Makhalifa Waongofu. Lakini Locke huyo alikuwa na fungu la mali katika kampuni iliyouza watumwa wa Afrika. (Wala watu wa pwani wasimcheke sana: misafara yao ilifika Nyanza kabla ya Mzungu yeyote, wala haikurudi na pembe za ndovu peke yake.)

Mwezi wa Agosti 1858 Speke alifika Mwanza, akalipa ziwa jina la malkia wake, ijapokuwa halikukosa jina. Mwaka uliofuata John Stuart Mill, aliyetumika miaka mingi katika kampuni iliyotawala Bara Hindi, akatoa kitabu chake juu ya uhuru. Aliutetea kwa hoja zenye nguvu uhuru wa mtu kufikiri na kusema, kisha akawatoa wasioingia: watoto, na mataifa aliyoyahesabu kuwa bado machanga. Hao, kwa kauli yake, yajuzu kutawaliwa kwa mabavu, maadamu makusudio ni kuwatengeneza. Hapo ndipo penye kisa chote. Mzee wa Usukuma, mwenye ng'ombe na wajukuu, akageuzwa yatima.

Baada ya vita vya 1914, nchi zilizotoka mikononi mwa Wadachi ziliwekwa chini ya uangalizi wa Chama cha Mataifa, ambacho katika kifungu cha 22 cha mapatano yake ya 1919 kiliziita amana, kwa kuwa wenyeji wake hawajaweza kusimama peke yao. Sasa na lipimwe neno hilo kwa fiqhi. Wasii hupaswa kumjaribu yatima. Akishabaleghe na kuonekana ana rushdi, humkabidhi mali yake mbele ya mashahidi. Wakigombana, hilo ni la kadhi. Lakini huku hapakuwekwa muda, na aliyepima rushdi ndiye aliyekaa ndani ya nyumba. Kulikuwa na tume Geneva ya kusoma taarifa za kila mwaka, nayo haikupata hata mara moja kuja kuitazama nchi. Na mwenye mashitaka alilazimika kuyapitisha mikononi mwa huyo huyo anayemshitaki!

Gavana Donald Cameron alipokuja 1925 alitaka wenyeji watawaliwe kwa watemi wao, na sheria ikatoka 1926. Dhahiri yake ni njema. Lakini Usukumani mtemi alichaguliwa na wazee waitwao banang'oma, nao waliweza kumwondoa. Kwa sheria ile mtemi akawa mtu wa serikali, na ridhaa aliyoihitaji ni ya Gavana. Jina la desturi likabaki, roho yake ikatoka.

Umoja wa Mataifa ulipoipokea amana hiyo 1946, mambo yalizidi mawili: kujitawala kukatajwa kuwa ndio mwisho wa safari, na wajumbe wakawa wanakuja wenyewe na kupokea barua za raia. Ndio mashahidi hao. Wajumbe wa 1954 walikadiria kwamba nchi yaweza kujitawala kwa miaka 20 au 25, pengine mapema zaidi. Uingereza ikakataa: wasii hakupenda kutajiwa siku.

Huko Mwanza watu hawakungoja. Wakulima wa pamba, waliochoshwa na mizani za wanunuzi, karibu na 1950 waliweka wapimaji wao wenyewe. Na asomaye Surat al-Mutaffifin ajua uzito wa jambo hilo. Kwa juhudi ya Paul Bomani kukasimama 1955 muungano wa vyama vya ushirika vya Victoria. Katibu wa TAA wa Jimbo la Ziwa alikuwa Saadani Abdu Kandoro, Mwislamu wa Ujiji na malenga, ambaye 1954 alikuwa miongoni mwa walioasisi TANU. Serikali ikakikataza chama hicho Jimbo la Ziwa mpaka 1958, mwaka ambao watu wa Geita walilikataa baraza walilowekewa, wakaenda Mwanza kulalamika, na polisi wakawatawanya kwa moshi wa machozi.

Amana ikarudishwa Desemba 1961. Mwaka 1976 serikali ya wenyeji wenyewe ilivifuta kwa amri vyama vikuu vya ushirika, na cha Mwanza kikiwa kimoja wao, na kununua pamba kukawa kazi ya shirika la serikali.