Gari Dogo Likiingia Chini ya Lori: Haki za Majeruhi na Familia

Wakazi wa Umoja, Donholm, Kayole, Komarock na Embakasi hutumia barabara moja na malori mazito. Trela zinazobeba makontena kutoka Embakasi na bidhaa za viwanda vya Industrial Area hupita Outer Ring, Barabara ya Kangundo na Eastern Bypass mchana na usiku. Nyingine huegeshwa kando ya barabara, na zinapoharibika husimama papo hapo katikati ya njia.

Gari dogo likigonga trela kutoka nyuma, boneti hupita chini na sakafu ya trela hufikia kioo cha mbele, mahali penye vichwa vya abiria. Ndiyo sababu ajali za namna hii huua hata pale mwendo si wa kasi sana. Kinga yake ni chuma imara kinachofungwa chini, nyuma ya trela, ili gari lisipenye. Nchini Marekani chuma hicho huitwa kwa jina la mwigizaji Jayne Mansfield, aliyefariki mwaka 1967 gari alimokuwa lilipogonga trela kutoka nyuma.

Nani alaumiwe?

Wengi huamini kuwa anayegonga kutoka nyuma ndiye mwenye makosa siku zote, na kwa imani hiyo familia nyingi hukata tamaa kabla ya kuuliza. Mahakama huangalia pande zote mbili. Je, lori lilisimama ndani ya njia ya magari? Pembetatu za onyo ziliwekwa? Taa za nyuma zilikuwa zinawaka? Viakisi mwanga vilikuwepo, au vilifunikwa na matope? Chuma cha nyuma kilikuwepo, au kilikuwa kimekatika? Upande wa pili, dereva wa gari dogo alikuwa na mwendo gani, na aliacha nafasi ya kutosha?

Lawama inaweza kugawanywa. Tuseme fidia imekadiriwa kuwa Sh1,000,000, na mahakama ikaona dereva wa gari dogo alichangia asilimia 40 ya kosa. Atalipwa Sh600,000. Abiria ambaye hakushika usukani anaweza kudai kutoka kwa pande zote mbili.

Ushahidi hupotea haraka

Majibu ya maswali hayo yako barabarani kwa saa chache tu. Lori likishavutwa au kurekebishwa, ni vigumu kuthibitisha kwamba halikuwa na taa. Baada ya majeruhi kuondolewa na mahali kuwa salama, ndugu au msamaria mwema apige picha za nyuma ya lori, mahali liliposimama, alama za breki na hali ya mwanga. Aandike pia majina na simu za mashahidi.

Jambo moja husahaulika sana: lori la trela lina nambari mbili za usajili. Kichwa kina yake, na trela ina yake inayoanza na herufi Z. Wamiliki wanaweza kuwa tofauti, hivyo nambari zote mbili ziandikwe. Jina la mmiliki aliyesajiliwa hupatikana kupitia NTSA.

Karatasi za kuweka

Sheria ya Trafiki inataka ajali yenye majeruhi iripotiwe kwa polisi mapema iwezekanavyo, na isizidi saa 24. Chukua nambari ya OB, kisha ufuatilie abstrakti ya polisi, inayoonyesha magari yaliyohusika na kampuni ya bima. Majeruhi apate Fomu ya P3 na ijazwe na daktari. Weka kadi za hospitali, picha za eksirei na risiti zote, hata za dawa na nauli ya kwenda kliniki.

Kumbuka kwamba kesi ya trafiki dhidi ya dereva wa lori si kesi ya fidia. Dereva akitozwa faini, fedha hizo huenda kwa Serikali. Majeruhi hufungua kesi yake mwenyewe ya madai.

Muda na viwango

Kesi ya kuumizwa kwa uzembe hufunguliwa ndani ya miaka 3. Ikiwa lori ni la Serikali, muda ni miezi 12 pekee. Mtu akifariki, mume, mke, watoto na wazazi wake wana haki ya kudai ndani ya miaka 3 tangu kifo. Msimamizi wa mirathi ndiye hufungua kesi, kwa hivyo familia ianze mapema kutafuta kibali cha mahakama.

Bima ya lazima hulipa hadi Sh3,000,000 kwa mdai mmoja. Kinachozidi hudaiwa mwenye lori. Kampuni ya bima ijulishwe kwa maandishi, ikiwezekana kabla kesi haijafunguliwa, la sivyo inaweza kukataa kulipa. Kwa hasara ya gari isiyozidi Sh1,000,000, kuna Mahakama ya Madai Madogo, ambapo mtu anaweza kujitetea bila wakili.

Kupata wakili bila kutapeliwa

Madalali wa kesi huwafuata majeruhi hadi wodini. Usitie sahihi karatasi wanayoleta. Hakikisha kwamba wakili yumo katika orodha ya Chama cha Mawakili wa Kenya na ana leseni ya mwaka huu. Sheria ya Mawakili haitambui mapatano ya kulipa wakili pale tu kesi inaposhinda, kwa hivyo ada iandikwe wazi tangu mwanzo.

Asiye na uwezo anaweza kuomba msaada kwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2016, au kwa Kituo cha Sheria, shirika lililoanza mwaka 1973.

Bima ikileta hundi mapema, soma hati yake kwa makini. Ukitia sahihi kwamba umelipwa fidia yote, mguu ukihitaji upasuaji mwingine mwaka ujao, gharama itakuwa yako. Subiri ripoti ya daktari, kisha umuulize wakili.