Mgeni, Jembe na Mpaka: Utandawazi Ulivyobadilisha Mambo ya Nje, Usalama na Uhamiaji Tanzania



Ndugu msomaji, katika makala hii tunataka kujifunza pamoja jinsi utandawazi ulivyobadilisha mambo matatu ambayo kila taifa huyahesabu kuwa yake: namna linavyohusiana na mataifa mengine, namna linavyojilinda, na namna linavyoamua nani aingie na nani atoke. Tumechagua nchi moja, Tanzania, kwa sababu historia yake inaonesha mabadiliko hayo waziwazi. Hoja yetu ni hii: mlango wa taifa letu umelegezwa kwa bidhaa, fedha na habari, lakini umekazwa kwa mtu maskini anayevuka mpaka mikono mitupu. Tukishaona jinsi jambo hilo lilivyotokea, tutauliza kama ni haki.

Utandawazi ni nini?

Neno lenyewe linabeba maana mbili, kutanda na kuwa wazi. Kwa ufupi, utandawazi ni hali ya nchi na watu kufungamana kiasi kwamba linalotendeka mahali pamoja linagusa maisha ya mahali pengine kwa haraka. Kufungamana si jambo geni kwetu. Kilwa ilifanya biashara na Uarabuni na India karne nyingi kabla ya kufika Wareno. Kilichobadilika ni kasi na kina. Vita vilipopamba moto Ukraine mwaka 2022, mama anayekaanga maandazi kijijini aliona bei ya ngano na mafuta ikipanda, ingawa hajawahi kuisikia nchi hiyo.

Hapa sisi tunaosoma falsafa tunapaswa kuwa waangalifu. Mara nyingi tunasema "utandawazi umeleta hiki, utandawazi umeharibu kile," kana kwamba ni mvua inayonyesha yenyewe. Lakini utandawazi hauna akili wala utashi. Ni mazingira ambamo watu wanaamua. Mikataba husainiwa na watu, sheria hutungwa na watu, na mipaka hufunguliwa au kufungwa kwa amri ya watu. Kwa hiyo maamuzi hayo yana sura ya kimaadili, na tunaweza kuyapima.

1. Mambo ya nje: kutoka ukombozi hadi uchumi

Baada ya uhuru wa mwaka 1961, sera yetu ya nje ilisimama juu ya ukombozi wa Afrika, kutofungamana na upande wowote, na umoja wa bara. Haya hayakuwa maneno matupu. FRELIMO ilizaliwa Dar es Salaam mwaka 1962. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake katika mji huohuo tangu mwaka 1963 hadi kazi yake ilipokwisha mwaka 1994. Desemba 1965 Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa sababu ya suala la Rhodesia, ingawa ilijua kwamba msaada ungepotea. Nchi maskini ilikubali kupata hasara kwa ajili ya uhuru wa wengine.

Hata reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilometa 1,860, iliyojengwa na Wachina kati ya mwaka 1970 na 1975, ilikuwa na shabaha hiyo: kuipa Zambia njia ya kufika baharini bila kutegemea nchi zilizotawaliwa na walowezi na Wareno.

Hali ilibadilika taratibu. Uchumi ulidhoofika, vita vya Kagera vikagharimu sana, na mwaka 1986 serikali ya Rais Mwinyi ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa kulegeza masharti ya uchumi. Vita Baridi vikaisha. Afrika Kusini ikapata uhuru wa kweli mwaka 1994, na kazi kubwa ya ukombozi ikawa imetimia. Mwaka 2001 ikatoka Sera Mpya ya Mambo ya Nje iliyoweka mbele diplomasia ya uchumi. Tangu hapo balozi wetu anapimwa kwa wawekezaji, watalii na masoko anayoyaleta.

Je, huku ni kusaliti misingi? Si lazima. Taifa lina wajibu wa kuwatafutia watu wake mkate, na tumeona kwamba linaweza kufanya hivyo bila kupiga magoti. Mwaka 2016 Tanzania ilikataa kusaini Mkataba wa Ubia wa Uchumi kati ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Umoja wa Ulaya, ikihofia kwamba viwanda vyake vichanga vingezidiwa na bidhaa za Ulaya, wakati Kenya na Rwanda zilisaini. Tunaona basi kwamba utandawazi haulazimishi jibu moja. Hatari iliyopo ni nyingine. Anayezoea kumpima kila mgeni kwa faida anayoleta, siku moja atakutana na mgeni asiye na faida yoyote, naye hatajua la kumfanyia.

2. Usalama: adui asiye na mpaka

Zamani usalama ulimaanisha jeshi mpakani. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilikuwa vya namna hiyo: jeshi la Idi Amin lilivuka mpaka, likaonekana, likarudishwa.

Tarehe 7 Agosti 1998 tulijifunza namna nyingine. Bomu lililipuka katika ubalozi wa Marekani Dar es Salaam na kuua watu 11, na karibu saa ileile jingine likaua zaidi ya watu 200 Nairobi. Ugomvi haukuwa wetu, lakini damu ilikuwa yetu. Zaidi ya hayo, miongoni mwa waliohukumiwa baadaye huko New York walikuwamo Watanzania. Adui hakuwa "nje" na sisi "ndani". Fedha, mafunzo na itikadi vilikuwa vimepita mipaka mingi bila kugongewa muhuri. Mwaka 2002 Bunge likatunga Sheria ya Kuzuia Ugaidi, na mwaka 2015 Sheria ya Makosa ya Mtandao, kwa kuwa sasa hata simu ya mkononi imekuwa mpaka unaolindwa.

Badiliko la pili ni kwamba taifa hujilinda likiwa mbali na kwake. Askari wetu wamekwenda mashariki mwa Kongo katika kikosi cha Umoja wa Mataifa, na tarehe 7 Desemba 2017 wasiopungua 14 waliuawa huko Semuliki. Vurugu zilizoanza Cabo Delgado, Msumbiji, Oktoba 2017, zilivuka mto Ruvuma na kufika kijiji cha Kitaya mkoani Mtwara Oktoba 2020. Mwaka uliofuata Tanzania ikawa miongoni mwa nchi za SADC zilizopeleka askari Msumbiji. Nyumba ya jirani ikiungua, moshi hauulizi uwanja ni wa nani.

Usalama ni haki ya msingi, na serikali isiyowalinda watu wake imeshindwa kazi yake ya kwanza. Lakini hofu nayo ina tabia ya kupanuka. Ikianza kwa kumwogopa gaidi, inaweza kuishia kwa kumwogopa kila mtu asiye na karatasi.

3. Uhamiaji: mgeni na jembe

Wahenga walituachia methali mbili. Ya kwanza: mgeni njoo, mwenyeji apone. Ya pili: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ya kwanza inatuambia kwamba mgeni ni baraka. Ya pili, kwamba baraka hiyo ina wajibu. Lakini tuangalie vizuri: kumpa mgeni jembe si kumfukuza. Ni kumwambia kwamba sasa yeye ni mtu wa hapa, na afanye kazi kama sisi.

Tanzania iliwahi kuishi methali hiyo neno kwa neno. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipewa ardhi katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wakalima na kujitegemea. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alipewa Tuzo ya Nansen ya wakimbizi. Baadaye serikali iliamua kuwapa uraia Warundi hao na watoto wao, takriban watu 162,000, na mwaka 2014 ikaanza kuwakabidhi vyeti.

Halafu ikaja miaka ya 1990. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda katika muda wa kama siku moja. Ngara ikalemewa. Misitu ilikatwa kwa kuni, maji yakawa haba, na miongoni mwa waliokimbia walikuwamo waliokuwa wamefanya mauaji ya kimbari. Machi 1995 Tanzania ikafunga mpaka wake na Burundi. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 ikakazia makambi: mkimbizi akae mahali alipopangiwa na asitoke bila kibali. Mapema mwaka 2018 Tanzania ikajitoa katika mpango wa Umoja wa Mataifa wa kuwashirikisha wakimbizi katika maisha ya nchi inayowapokea, ikitaja usalama na ukosefu wa fedha kutoka kwa wafadhili.

Tuwe wakweli: lawama si ya Tanzania peke yake. Mataifa tajiri yaliyosifu ukarimu wetu yalichelewa kuugharamia, na mengine yalikuwa yakikaza milango yao. Lakini matokeo yake ni kwamba mtoto aliyezaliwa kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, anaweza kuwa mtu mzima bila kupata jembe. Amebaki kuwa mgeni wa siku ya kwanza kila siku.

Wakati huohuo bidhaa zinakwenda. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika mwaka 2010, na malori yanavuka usiku na mchana. Juni 2012, ndani ya mwili wa lori moja namna hiyo, wahamiaji zaidi ya 40, wengi wao Waethiopia waliokuwa wakielekea kusini, walikosa hewa na kufa. Miili yao ilikutwa porini mkoani Dodoma. Tukio hilo linasema kuliko nadharia nyingi. Katika barabara ambayo mzigo unapita kwa haki, mtu alilazimika kujifanya mzigo ili apite.

Nasi pia tuna watu wetu nje. Wako dada zetu wanaofanya kazi za ndani Oman na nchi nyingine za Ghuba, ambako kibali cha kukaa mara nyingi kimefungwa kwa mwajiri. Tunapodai watendewe kwa utu, tunadai jambo ambalo tunapaswa kulitenda sisi kwanza.

Ni kwa kipimo gani?

Immanuel Kant, katika andiko lake la mwaka 1795 kuhusu amani ya kudumu, alijenga hoja kwamba, kwa kuwa dunia ni mviringo na watu hawawezi kutawanyika bila mwisho, mwishowe lazima wavumiliane. Hivyo mgeni aliyekuja kwa amani ana haki ya kutotendewa kama adui, na asirudishwe ikiwa kurudishwa kutamwangamiza. Lakini kwa Kant hiyo si haki ya kuwa mkazi.

Kanisa linakwenda mbele zaidi, na bado linashika pande zote mbili. Katekisimu, namba 2241, inafundisha kwamba mataifa yenye uwezo yanawajibika kumpokea mgeni kadiri yanavyoweza. Kwamba serikali inaweza kuweka masharti kwa ajili ya manufaa ya wote. Na kwamba mgeni naye anapaswa kuheshimu nchi iliyompokea na kutii sheria zake. Hapo kuna methali zetu zote mbili.

Kwa kipimo hiki tunaweza kupima kila uamuzi bila jazba. Julai 2025 serikali iliwakataza wasio raia kufanya aina 15 za biashara ndogo, kama uwakala wa fedha kwa simu na ununuzi wa mazao shambani. Kumlinda mchuuzi mdogo ni lengo halali. Kenya ililalamika kwamba Soko la Pamoja linavunjwa, nayo hoja hiyo inastahili kusikilizwa. Swali la kimaadili ni lilelile: je, sharti hili linamlinda mnyonge, au linamtafutia mnyonge mwingine wa kumlaumu?

Hitimisho

Utandawazi haujaliondolea taifa uhuru wa kuamua. Umeongeza idadi ya watu wanaoguswa na uamuzi wake. Sera ya nje isiyomwona mtu hugeuka kuwa soko tu. Usalama usiomwona mtu hugeuka kuwa hofu. Na uhamiaji usiomwona mtu huishia porini Dodoma. Yosefu na Maria walipokimbilia Misri na Mtoto, hawakuwa na mtaji wala kibali. Walipona kwa sababu mpaka uliwapitisha.

Maswali ya kutafakari katika jumuiya

1. Katika parokia yetu, ni nani amekaa siku nyingi lakini bado tunamwita mgeni? Jembe lake ni lipi?
2. Je, tunawahukumu wageni wote kwa kosa la mmoja wao?
3. Tunawafundisha nini vijana wanaotaka kwenda kutafuta kazi ng'ambo, na tunawasindikizaje?