Kiingereza: Wakati wa Kawaida au Wakati Timilifu? Maswali ya Wakazi wa Alunguli

Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na Kiingereza ni lugha rasmi ya Jumuiya hiyo. Tunawajibu hapa wanaojifunza lugha hiyo na wanaojaza fomu za Kiingereza.

Nyakati hizi mbili zinatofautianaje?
Wakati wa kawaida hutaja desturi: "I cross the river", yaani huvuka mto, kama wafanyavyo wengi wetu tuendao Kasuku. Wakati timilifu, yaani wa tendo lililokwisha na matokeo yake yapo sasa, huundwa kwa "have" au "has". "I have crossed the river": nimevuka, niko ng'ambo.

Je, kila "-me-" ni "have"?
Wengi wamefundishwa hivyo, na mara nyingi inafaa. Lakini "-me-" yetu hutaja pia hali: amelala ni "he is asleep", nimechoka ni "I am tired", nimeelewa ni "I understand". Jiulize kwanza kama unasema tendo au hali uliyo nayo.

Naishi hapa tangu 2015. Kwa nini "I live here since 2015" ni kosa?
Kiswahili huruhusu "naishi tangu", na Kifaransa vilevile na "depuis" yake, lakini Kiingereza hakiruhusu. Andika "I have lived here since 2015". Ukiandika "I lived here", msomaji ataelewa kwamba umekwisha kuhama, na kwenye fomu ya makazi hilo si jambo dogo. Anza kurekebisha hapa kabla ya kwingine kote.

Na mambo ya jana?
"I have seen him yesterday" inatokana na Kifaransa. Ukitaja jana au mwaka uliopita, acha "have": "I saw him yesterday".

Kosa la kuchanganya nyakati hizi laweza kudhuru?
Ndiyo, mbele ya daktari asiyejua Kiswahili. "I take this medicine" ni dawa unayoitumia kila siku. "I have taken this medicine" ni kwamba umekwisha kuimeza. Akikuelewa vibaya, anaweza kukupa dozi ya pili, kwa hiyo taja ulipoimeza: "I took it last night".

Nifanye nini nisipokuwa na hakika?
Omba karatasi isomwe tena, au omba mkalimani, yaani mtu wa kukutafsiria kwa mdomo. Katiba ya Kongo ya 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, basi usione haya kukitumia. Usitie sahihi chini ya maneno usiyoyaelewa.