Somo la Mwezi: Watoto wa Kiungani

Mwezi huu tujifunze habari za watoto walioletwa shuleni kutoka utumwani.

Mwaka 1864 Askofu Tozer na Dakta Steere wa UMCA walifika Unguja. Baadaye kidogo Sultani Majid aliwapa wavulana watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa. Mmoja wao, Yohana Swedi, alifanywa shemasi mwaka 1879. Shule yao ilikua, ikawa chuo cha Kiungani. Huko alisoma pia Cecil Majaliwa, Myao aliyeuzwa Unguja akiwa mtoto. Mwaka 1890 alipewa ukasisi, Mwafrika wa kwanza katika misheni ile.

Mwalimu wao, A. C. Madan, aliwataka wavulana waandike maisha yao kwa Kiswahili, na mwaka 1887 habari hizo zikatolewa kitabuni huko London. Waliandika juu ya vita, njaa, safari ya kwenda pwani, na kuuzwa kutoka mkono hata mkono.

Angalieni jambo hili. Mtumwa habari zake husemwa na wengine, na bei yake hukatwa na wengine. Lakini mtoto aliyejua kuandika aliweza kusema mwenyewe: kwetu ni pale, mama yangu alikuwa fulani, nilitekwa hivi. Ndiyo maana elimu ilikuwa kwake zaidi ya kupata kazi.

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Lakini katika milima yetu hii bado wako wasichana wanaopelekwa Tanga na Dar es Salaam kufanya kazi za nyumbani kabla ya kumaliza shule. Sisemi kila kazi ya nyumbani ni utumwa. Wako wanaotunzwa vema. Lakini mtoto anayeamka wa kwanza na kulala wa mwisho, ambaye mshahara wake hupokewa na mwingine, ambaye hupiga pasi sare za shule asizozivaa yeye, je, habari zake anazisema nani? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa haki ya elimu. Atakayeidai ni sisi wazazi na majirani.

Maswali ya kujadiliana:

1. Someni Mwanzo 37. Ni nani waliogawana faida ya kuuzwa kwa Yusufu, na nani alilia?

2. Katika mtaa wetu, mtoto gani ameacha shule mwaka huu? Je, yeye mwenyewe aliulizwa?

3. Kama tuna binti wa kazi nyumbani, jioni anapata saa ya kusoma?