Kwa Nini Mwenzangu Habadiliki?



“Nimemwambia mara mia, lakini hasikii.” Ni nani kati yetu ambaye hajawahi kusema maneno haya, au kusemwa hivyo? Tukishachoka kusema, tunajifariji kwa usemi wa wazee kwamba tabia ni ngozi, haivuliwi. Lakini usemi huo una ukweli nusu tu. Tabia nyingi zinazotukosanisha nyumbani hatukuzaliwa nazo. Tumejifunza, mara nyingi pasipo kujua, na kilichofunzwa chaweza kufunzwa upya. Ila hakifunzwi kwa kelele, wala kwa siku moja.

Tuchukue mfano wa mji wa Isiolo. Miraa inayovunwa katika milima ya Nyambene, upande wa Meru, huteremka hadi hapa, na nyingine huendelea na safari kwenda Marsabit na Moyale. Wako wasomaji wetu wanaolipa karo ya watoto kwa biashara hiyo, na leo hatukusudii kumhukumu mtu. Tunazungumzia nyumba ambamo pesa za unga zimeanza kutafunwa.

Tuwafikirie mume na mke. Mume ni fundi wa kujenga. Akitoka kazini saa kumi jioni hupitia kwenye kibaraza cha marafiki, hununua miraa yake, na kurudi nyumbani saa tano usiku. Hana hamu ya chakula, wala usingizi hauji. Mke humpokea mlangoni kwa maneno makali. Mume hunyamaza, kisha hutupa shilingi 200 mezani ili apate amani. Kesho yake ni yale yale. Je, ni nini kinachoendelea hapa?

KINACHOTANGULIA NA KINACHOFUATA

Mtaalamu Mrusi, Ivan Pavlov, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wake juu ya mmeng’enyo wa chakula, aligundua jambo la ajabu kwa mbwa wake. Waliposikia mlio uliozoea kutangulia chakula, walianza kutokwa na mate hata kabla hawajakiona chakula chenyewe. Baadaye Mmarekani B. F. Skinner (1904–1990) alionyesha upande wa pili: tendo linalofuatwa na jambo la kupendeza hurudiwa, na lisilofuatwa na faida yoyote hufifia polepole.

Mtu atauliza, “Je, sisi ni mbwa?” Hasha! Mwanadamu ana akili na hiari, na neema ya Mungu humfikia. Lakini Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba neema haiharibu maumbile yetu, bali huyakamilisha. Na fadhila yenyewe aliiita mazoea mema. Kwa hiyo Mkristo hapotezi kitu akijifunza jinsi mazoea yanavyojengeka.

Sasa mrudie yule fundi. Kinachotangulia ni saa kumi, uchovu, pesa mfukoni, na njia inayopita kibarazani. Kinachofuata ni kicheko, uchovu kutoweka, na watu wanaomsikiliza. Nyumbani kinachomngoja ni ugomvi. Basi kibaraza humtuza, na nyumba humwadhibu. Hatusemi kwamba kosa ni la mke. Aliyechagua kutafuna ni mume. Tunasema tu mambo yalivyopangika.

Lakini tazama pia zile shilingi 200. Mke alipoomba kwa upole asubuhi, hakupata kitu. Alipopiga kelele usiku, alipata. Amefunzwa kwamba kelele hulipa. Naye mume, alipotoa pesa, kelele zilikoma. Amefunzwa kwamba amani hununuliwa, wala haijengwi. Kila mmoja ni mwalimu wa tabia ile ile anayoichukia kwa mwenzake. Wenzi wengi wamekaa katika shule hii miaka 20 bila kujua kwamba wamejiandikisha.

WAZO LILILO KATIKATI

Daktari Aaron Beck wa Marekani (1921–2021) aliongeza jambo la tatu. Alisema kwamba kati ya tukio na hasira kuna wazo, ambalo hupita upesi hata hatulioni. Mume amechelewa. Wazo la kwanza la mke ni, “Hanithamini.” Mke ameuliza pesa ziko wapi. Wazo la mume ni, “Ananidharau mbele ya watoto.” Hasira yatokana na wazo hilo, na huenda wazo si kweli lote. Mwaka 1988 Beck aliandika kitabu kizima juu ya wanandoa, akieleza kwamba upendo peke yake hautoshi wenzi wasipojifunza kuyachunguza mawazo ya namna hii. Kabla ya kujibu, jiulize: “Nimeona nini kwa macho, na nimeongeza nini mimi mwenyewe?”

NGAZI ZA KUBADILIKA

Mwaka 1983 wataalamu wawili Wamarekani, James Prochaska na Carlo DiClemente, walichapisha utafiti juu ya watu waliokuwa wakiacha sigara kwa juhudi zao wenyewe. Kutokana na kazi yao tumejifunza kuona kubadilika kama ngazi. Kuna asiyeona tatizo, kuna anayefikiri lakini anasitasita, kuna anayejiandaa, kuna aliyeanza, na kuna anayedumu. Wengi huanguka na kuanza tena. Wataalamu wengine wamesema kwamba si kila mtu hufuata ngazi hizi kwa mpangilio, lakini zatusaidia kujua la kumwambia mwenzetu.

Asiyeona tatizo, usimlundikie mipango. Mwonyeshe jambo moja kwa utulivu: “Mwezi huu tumekopa unga dukani mara tatu.” Anayesitasita, muulize na umsikilize: “Wewe mwenyewe unaionaje hali hii?” Sababu atakayoitamka kwa kinywa chake ina nguvu kuliko 10 utakazomhubiria. Anayejiandaa, msaidie kupanga siku. Aliyeanza, msifu. Aliyeanguka, usimwambie, “Nilijua tu!” Muulize ni nini kilichotangulia siku ile.

Kanisa nalo lafahamu hatua hizi. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika wosia wake wa kitume Familiaris Consortio wa mwaka 1981, alieleza kwamba mwanadamu hulitimiza jema hatua kwa hatua. Lakini alionya tusipunguze amri ya Mungu ilingane na udhaifu wetu. Lengo ni lile lile. Mwendo ndio wa polepole.

LA KUFANYA WIKI HII

Kwanza, chagueni tendo moja, wala si mtu mzima. “Wewe ni mzembe” haiwezi kutekelezwa. “Naomba Ijumaa uwe nyumbani saa moja jioni” yaweza.

Pili, badilisheni kinachotangulia. Mume apite njia nyingine, na pesa za nyumbani azitume kwa M-Pesa kabla hajatoka kazini.

Tatu, badilisheni kinachofuata. Akifika mapema, apokewe kwa chai na mazungumzo, si kwa madeni ya jana. Mke akiomba kwa upole, apewe jibu la kweli siku hiyo hiyo, hata kama pesa hazitoshi.

Nne, mambo mazito yazungumzwe asubuhi. Usijadiliane na mtu ambaye miraa ingali inamchemsha.

Tano, kila mmoja aanze na tabia yake. Tendo la mwenzako huna uwezo nalo. Jibu lako unalo.

TAHADHARI

Haya ni mashauri kwa mazoea ya kawaida. Nyumba yenye kipigo ni jambo jingine. Mke au mume anayepigwa asiambiwe abadilishe mapokezi ya mlangoni. Kanuni ya 1153 ya Sheria ya Kanisa humruhusu anayehatarishwa vikubwa kuishi mbali na mwenzake, na nchini Kenya iko sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani. Tafuta usalama kwanza, kisha mwone padre na wakuu wa serikali. Vilevile, asiyeweza kulala siku nyingi au anayesikia sauti zisizokuwapo apelekwe hospitali bila kuchelewa.

Wapendwa, siku ya harusi hamkuahidiana kwamba hamtakuwa na kasoro. Mliahidiana kukaa pamoja katika taabu na raha. Mtakatifu Paulo mwenyewe aliwakiri Warumi kwamba jema alilotaka hakulitenda. Ikiwa yeye alihitaji neema na muda, sisi je? Haba na haba hujaza kibaba.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA NYUMBANI

1. Ni tabia gani yangu inayokuumiza zaidi, na hutanguliwa na nini?
2. Je, kuna jambo ninalokupa pale tu unapokasirika?
3. Mara ya mwisho tulisifiana lini, na kwa tendo gani?